Mfuko wa Dagaa Kiunoni

Sijawahi kumbembeleza mbwa maishani mwangu, na kama ningepewa kuchagua, nisingeanza uzeeni. Nimekulia kwenye mji wa ng'ombe, ambako mbwa alikula ukoko, alilala nje, na akibweka bila sababu alirushiwa kipande cha kuni. Hakuna aliyemwambia hongera. Kwa hiyo ukinisikia nasimulia jinsi nilivyozunguka masoko ya Mwanza nikitafuta mfuko wa kuwekea zawadi za mbwa, ujue palikuwa na jambo zito, maana akili zangu ninazo zote.

Jambo lenyewe lilikuwa mume wangu. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno. Aliendesha malori ya samaki mpaka akastaafu, na njia nzima, kwenye mizani, kwenye vituo vya mafuta na kwa mama lishe, watu walimjua kwa mdomo kabla ya kumjua kwa sura. Akitoka asubuhi kununua wembe dukani, anarudi jioni. Nilimlalamikia miaka yote hiyo kwamba maneno hayaliwi. Kisha kiharusi kikamshika. Upande wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Mguu uliamka polepole, akaanza kutembea kwa fimbo. Ulimi nao ulikuwa unaamka, mpaka siku alipokwenda kutoa pole kwenye msiba wa jirani, na kijana mmoja aliyekuwa anapanga viti akamwambia mwenzake kwamba mzee huyu kaja amelewa. Alisikia. Alirudi nyumbani, akakaa barazani, na tangu siku hiyo hakufungua mdomo mbele za watu.

Kanisani tulikaa viti vya nyuma kabisa, na kabla ya wimbo wa mwisho ananigusa kiwiko tuondoke, asije akasalimiwa. Wageni wakija nyumbani anajifanya amelala. Hata na mimi maneno yalikuwa ya kuhesabika, ingawa kwa hilo mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini alinigeukia mimi. "Mama, ulimi ni kama mguu, usipotembezwa unakakamaa. Mwache azungumze mwenyewe." Eti nimwache. Mimi nina ugonjwa wa kuwamalizia watu sentensi, nimezaliwa nao. Mtu akilitafuta neno sukari huku chai inapoa mbele yangu, nitamsaidia tu, hata awe askofu.

Aliyeleta dawa, bila kujua kwamba ni dawa, ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mfugaji wa Kisesa. Alituletea mtoto wa mbwa ndani ya tenga la kuku, akasema nyumba ya huku kwetu Buswelu isiyo na mbwa ni nyumba ya kuibiwa. Nilimpokea huyo mbwa kwa kununa. Muda si mrefu nikiwa jikoni nikasikia mazungumzo barazani. Nikajua tumepata mgeni, nikapanga chai na vitumbua kwenye sinia, nikajitanda kanga, nikatoka na tabasamu langu la wageni. Hapakuwa na mgeni. Alikuwa mume wangu na mbwa. Alikuwa anamweleza habari za tairi lililompasukia porini zamani, polepole, neno linakwama, analirudia, linakwama tena, na mbwa amekaa anamwangalia mdomo wala hamsaidii. Nilirudi ndani na sinia langu, nikalia, nikavila vile vitumbua vyote.

Jina la mbwa lilikuwa Mbwa. Binti yetu anayefanya kazi Dar es Salaam alipendekeza majina ya kisasa kwa simu, lakini mume wangu alitikisa kichwa. Jina refu lilimchosha ulimi, na huyo alikuwa mbwa kweli, kwa hiyo hapakuwa na ubishi.

Tatizo ni kwamba Mbwa alikua haraka, na alimpenda mume wangu kwa miguu yote minne. Akimwona tu anatoka mlangoni, anamrukia kifuani. Mzee mwenye fimbo na mguu mmoja na nusu utamrukia vipi? Asubuhi moja alimwangusha karibu na simtanki la maji, paji la uso likavimba. Shemeji akaja kumwona, akatazama ile nundu, akanivuta pembeni. "Shemeji, huyu nampeleka kwa ng'ombe. Kaka akivunjika nyonga, hapo hatuna mtu tena. Nikija kwenye sikukuu ya mavuno naondoka naye, labda nimkute ameshika adabu."

Alisema kweli, na hicho ndicho kilichoniudhi. Lakini mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, kwamba Mbwa akienda Kisesa, maneno ya mume wangu yanakwenda naye, na safari hii hayarudi. Nilimwambia shemeji sawa. Halafu nikampigia simu binti yangu, nikamwambia mambo yote, nikamaliza kwa kusema, "Haya, wewe msomi, niambie mbwa anafundishwaje."

Akanitumia video. Mama mmoja amevaa suruali, mfuko mdogo kiunoni, mbwa wake mnene kuliko mbuzi wa sherehe. Mbwa akifanya jambo zuri, mkono unaingia mfukoni, unatoka na kipande, kipande kinakwenda mdomoni. Akikosea, hapati kitu na hapigwi. Basi. Nikajisemea, kumbe haya ndiyo mafunzo. Mkono mtupu haulambwi, hilo wazee walishalisema bila video. Binti akaongeza kwamba zawadi iwe ndogo, iwe na harufu, imalizike mara moja, na mfuko uwe unafunguka haraka. Ikaonekana kazi rahisi.

Nilianza na zawadi. Kwanza niliingia kwenye duka kubwa mjini, lile lenye milango ya kioo, nikanunua biskuti za mbwa zenye picha ya mbwa anayecheka. Mbwa wetu aliinusa moja, akaitazama, akamtazama mume wangu kwa huruma, akaondoka. Mume wangu, ambaye hapendi kitu kipotee, alitafuna moja. "Haina... chumvi," akasema. Sikumkataza, alikuwa amesema maneno mawili.

Nikajaribu matonge ya ugali. Mbwa alikula, lakini bila kuonyesha kwamba anadaiwa adabu yoyote. Ugali ni haki yake, anaujua tangu anazaliwa, na haki haimfanyi mtu ashukuru. Shemeji, kwa simu, akashauri michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo wao kule Kisesa wanaona vinatibu kila kitu. Nilikata vipande vidogo. Kipande kimoja kilimchukua Mbwa muda wa kutafuna kiasi kwamba alisahau kwa nini alipewa, na mume wangu naye akasahau alichokuwa anamfundisha. Vilivyobaki nilivipika na karanga tukala sisi.

Maini ya ng'ombe yalifanya kazi vizuri mno. Nilichemsha, nikakata vipande vidogo kama ukucha, na Mbwa akawa tayari kuokoka. Lakini jirani yangu wa ukutani, ambaye ni mtani wangu kwa kabila na hana simile, alinikuta nikikata maini hayo. Akasimama pale mlangoni. "Yaani mume wako anakula mchicha, mbwa anakula maini," akasema. "Mimi nilikuja kuomba chumvi, lakini sasa naomba nifungwe mnyororo hapo nje." Mtaa mzima ukapata habari. Dukani kwangu, maana nina kaduka ka nafaka, wateja wakaanza kuniuliza kama nafasi ya mbwa imeshajazwa. Maini nikayaacha, na isitoshe, ukiyasahau mfukoni nusu siku kwa jua la huku, utayakumbuka kwa pua.

Ndipo nikajiona mjinga. Ninakaa Mwanza, ziwa liko pale, nahangaika na biskuti. Kitu kidogo, chenye harufu, kikavu, cha kumeza mara moja, Mungu alishakiumba na kukiweka ziwani kwa maelfu: dagaa. Nikaenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja ninayenunua kwake siku zote.

"Leo unataka wa kula au wa kuku?" akaniuliza, maana dagaa wa kuku ni wale waliokaukia mchangani, na wa kula ni wale waliokaukia juu ya vichanja.

"Wa mbwa," nikamjibu.

Akaweka kopo lake la kupimia chini. Kisha akawaita wenzake wa meza za jirani, akanitaka nirudie. Nikarudia. Mmoja akauliza kama huyo mbwa anaoa au anaolewa. Nikaona nisijipandishe hasira bure, nikachukua wa kuku, kwani mbwa na mchanga ni wamoja. Nilipofika nyumbani mume wangu alitia mmoja mdomoni, kama kawaida yake, akatema. "Mchanga," akasema, wazi kabisa, neno zima bila kukwama. Kisha akanielekeza mlangoni kwa fimbo. Nikarudi Kirumba kuchukua wale wa kula. Wale wanawake walinipokea kwa vigelegele.

Zawadi ikapatikana, ukabaki mfuko. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mama wa kwenye video hakuwa mjinga.

Mimi nilianza na pindo la kanga. Mama yangu alifunga kila kitu kwenye pindo, kuanzia hela hadi dawa ya meno, na sikuona kwa nini dagaa washindwe. Nikafunga fundo, nikamwambia Mbwa akae, akakaa. Nikaanza kufungua fundo. Mbwa akasubiri, akasimama, akakaa tena, akapiga miayo, na fundo bado. Mwishoni alijihudumia mwenyewe. Alitafuna pindo na dagaa wake na sehemu ya maandishi, na kanga ile ilikuwa doti mpya. Jirani akaniambia nishukuru sikuwa nimejifunga kibwebwe.

Halafu nikakumbuka kwamba mwenye kutoa zawadi si mimi. Ni mume wangu, na mume wangu ana mkono mmoja wa kutegemea, nao ndio unaoshika fimbo. Mfuko wenye kuhitaji mikono miwili ni pambo tu. Nikaenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, nikachambua vibegi vya kiunoni mpaka muuzaji akaanza kuwa na wasiwasi na mimi. Nilikuwa najaribu kila kimoja kwa mkono wa kushoto, jicho moja nimelifumba, sijui kwa nini nilifumba jicho. Zipu zote zilikataa. Kimoja kilikuwa na kamba ya kuvuta, kikafunguka vizuri, lakini kikawa hakifungi tena. Nikamwambia muuzaji nataka kinachofunguka kama mdomo wa samaki. Akaniuliza mama naumwa nini.

Tukajaribu mfuko wa shati, na Mbwa akapata sababu mpya ya kurukia kifua. Tukajaribu kopo la mafuta ya kupaka lililofungwa na kamba kiunoni, lakini mume wangu akitembea dagaa wanapiga kelele humo ndani, na Mbwa hasikii neno lingine. Mwisho niliamua kwenda kwa fundi cherehani wa pale Buswelu, nikampelekea suruali kuukuu ya dangirizi ya mume wangu.

"Kata mguu huu, ushone mfuko," nikamwambia. "Mdomo ubaki wazi wenyewe, mkono uingie bila kuomba ruhusa, lakini akiinama vitu visimwagike."

"Unawekwa nini, mama?"

"Dagaa."

"Kiunoni?"

"Kiunoni. Kwa mume wangu."

Fundi huyo ana heshima zake. Hakuuliza tena, alichukua futi akaja nyumbani, akamsalimu mume wangu shikamoo, akampima kiuno kama anayemshonea suti ya harusi. Kwenye mdomo wa mfuko alipitisha kipande cha waya wa umeme ili usimame wazi, na juu akashona mfuniko laini usiofungwa. Mume wangu akauvaa upande wa kushoto, vidole vinaingia vyenyewe huku fimbo imeegemea mkono. Nilimwambia fundi kwamba mfuko huu ungeuzwa nje ya nchi. Akasema dangirizi inachuja.

Basi mafunzo yakaanza, kila asubuhi na kila jioni, pale uani. Kaa. Njoo. Subiri. Mbwa akiweka miguu chini, anapata dagaa. Akiruka, mume wangu anageuka na mgongo wake, hapati kitu. Somo la subiri lilikuwa gumu kuliko yote. Mume wangu anamwaga dagaa wachache sakafuni, anamwambia asubiri, na Mbwa anatakiwa akae mbele yao bila kugusa mpaka aambiwe. Mate yalimtoka mpaka sakafu ikalowa. Lakini alisubiri. Na maneno yale mume wangu aliyarudia mara nyingi sana, maana mbwa hana haraka na wala hamwonei mtu aibu. Niliwasikiliza nikiwa dukani kwangu. Neno lililokwama asubuhi, jioni lilipita. Kilichonichoma ni kwamba mimi nikimwambia Mbwa asubiri, kwa Kiswahili safi nilichosomea, alinitazama kama ninamtania. Alijifunza maneno kwa sauti ya mume wangu, na sauti nyingine kwake haikuwa lugha.

Sasa tulikuwa na kosa moja, na ni kosa la kijinga la watu wa ziwani. Ukiwa mahali pengine, ukimfundisha mbwa kwa dagaa, dagaa wanakuwa kwako tu. Huku kwetu dagaa wako kwa kila mtu. Mwanamke akipita na beseni kichwani anatoka Kirumba, Mbwa anakwenda kukaa mbele yake katikati ya njia, wima, kifua mbele, anasubiri. Mama wa watu anadhani anatishwa, anasimama, na akisimama Mbwa anaona mambo yanakwenda vizuri. Alimkalia hivyo mke wa mwenyekiti wa mtaa. Alimkalia mwalimu wa kwaya, ambaye dagaa walikuwa kwenye mkoba na aibu ikamshika kwa sababu alikuwa amewaambia wenzake kwamba hali dagaa. Na paka, Mungu wangu, paka. Mume wangu akitembea uani alifuatwa na paka wa mtaa mzima.

Lakini hakuangushwa tena. Nikaanza kupata matumaini kwamba shemeji akija ataona, ataelewa.

Shemeji akaja Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno, na pikipiki yake na tenga, safari hii kubwa zaidi. Mume wangu alipoliona tenga aliingia chumbani na hakutoka. Mimi nilimweleza shemeji kila kitu, kwamba mbwa amebadilika, kwamba kaka yake anazungumza naye. Alinitazama kwa upole. "Shemeji, amezungumza na mtu yeyote? Mimi nimefika, hata karibu hajanipa. Kuzungumza na mbwa si kuzungumza. Kesho tukitoka kanisani naondoka naye." Nikakosa la kumjibu, mimi ninayemalizia watu sentensi.

Asubuhi tukaenda kanisani kwa miguu, mume wangu, shemeji na mimi. Mbwa tulimfunga uani kwa kamba. Mfuko nilimvua mwenyewe mume wangu mlangoni, maana suti ya ibada na dagaa haviingii pamoja mbele za Mungu.  Njia nzima aligeuka kuangalia nyumbani.

Sikukuu ya mavuno kanisani kwetu ni ile ambayo watu wanatoa walichovuna, na baada ya ibada vitu vyote vinanadiwa nje chini ya turubai. Siku hiyo palikuwa na magunia ya mahindi, maboga, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mbuzi mmoja mwenye kelele, na beseni kubwa la dagaa waliotolewa na kina mama wa Kirumba, dagaa wazuri, wanang'aa. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa. Alikuwa tayari amenigusa kiwiko mara mbili.

Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi, mwenye kipaza sauti, akamaliza mbuzi, akageukia beseni. Kisha akasema, "Na huyu je?"

Mbele ya beseni la dagaa, wima, kifua mbele, kamba iliyokatika inaning'inia shingoni kama ya mbuzi, alikuwa amekaa Mbwa. Hagusi. Anasubiri. Watu wakacheka, wakasema mwaka huu mavuno yamekuwa makubwa mpaka tunatoa mbwa. Mzee wa kanisa akamzunguka. "Tazameni adabu hii. Yuko mbele ya dagaa na hagusi. Huyu ni mlinzi. Nani anaanza?"

Nikanyanyua mkono nieleze kwamba si sadaka.

Ukinyanyua mkono kwenye mnada umeshanunua, hilo nalijua tangu nasoma shule ya Jumapili, lakini mkono ulitangulia akili. "Mama ameanza," kipaza sauti kikasema. Mwanamume mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alishaibiwa nondo, akapandisha. Nikanyanyua mikono yote miwili kukataa. "Mama ameongeza maradufu." Vigelegele. Nikapiga kelele kwamba ni wetu, ni wetu, na wanawake waliokuwa karibu nami wakanishika mabega, wakaniambia nibarikiwe kwa moyo wa utoaji. Kila nilivyojitahidi kueleza, ndivyo bei ilivyopanda, na mwenye nondo naye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na mwanamke muuza nafaka. Nikamtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa amejiinamia, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na wala hakuinua kidole. Mbwa angeuzwa au angekwenda Kisesa, kwake yote yalikuwa sawa.

Mwenye nondo akapandisha tena. Mimi nikaunganisha mikono mgongoni. "Mara ya kwanza," mzee wa kanisa akasema. "Mara ya pili."

"Mbwa," sauti ikasema nyuma.

Hakuna aliyegeuka, isipokuwa mimi. Mume wangu alikuwa amesimama, ameegemea fimbo.

"Mbwa. Njoo."

Sikio moja la Mbwa likageuka. Macho yakabaki kwenye beseni. Pale mbele yake palikuwa na dagaa wa kumtosha mwaka mzima, na nyuma yake mzee mmoja asiye na hata dagaa mmoja mfukoni, kwa sababu mimi nilimvua. Nilitaka kumsaidia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafunga mdomo, na sikufunga kwa hekima, niliogopa nikifungua nitauziwa.

Mume wangu akaanza kutembea. Watu wakapisha viti. Alifika mbele, akasimama kati ya gunia na mbuzi, na kanisa zima likanyamaza ule ukimya wa kumwonea mtu huruma ambao yeye anauchukia kuliko ugonjwa.

"Huyu... ni mbwa wangu," akasema. Mdomo ulivutika upande, neno likakwama, akalirudia mbele ya watu wote kama anavyolirudia uani. "Si... sadaka. Na mke wangu... hanunui." Akapumua. "Anapiga... kelele tu. Ndivyo... alivyo."

Turubai nusura lianguke kwa kicheko. Nimetukanwa mara nyingi katika ndoa yangu, lakini sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile, machozi yananitoka, nacheka, napangusa kamasi kwa kanga ya sikukuu. Yeye hakucheka. Alimtazama Mbwa. "Njoo," akamwambia tena, taratibu.

Mbwa akaondoka kwenye beseni. Alikuja hatua kwa hatua bila kuruka, akaunusa ule mkono usio na kitu, akaulamba, akakaa juu ya kiatu chake.

Mwenye nondo akasogea mbele. Aliuliza amemfundishaje. Mzee wa kanisa, kwa kuwa alikuwa na kipaza sauti mkononi na hakujua la kufanya nacho, akampa mume wangu.

Nilijua jibu, lilikuwa neno moja tu, dagaa. Mume wangu hakuanza na dagaa. Alianza na lori. Alianza na tairi lililopasuka porini, akaeleza mizigo ya samaki, askari wa barabarani, mvua ya siku hiyo, maneno yanakwama na yeye anayasubiri, na watu wakavuta viti karibu. Shemeji alitoka nje ya turubai. Nilipochungulia nilimwona analifungua lile tenga kwenye pikipiki, anapakia ndani maboga aliyoyanunua.

Wali wa sikukuu ukaanza kugawiwa, ukaisha. Jua likahama kwenye turubai. Alikuwa bado hajafika kwenye mbwa. Nikaenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki kule nyuma, kamba mkononi, njaa inaniuma, nikamsubiri amalize kuzungumza.